Diploma Iliyovishwa Plastiki

Yule mama wa dirisha namba nne aliishika diploma ya Inga kwa vidole viwili, akajaribu kuikunja, ikakataa. Akaigonga kwa ukucha.

"Nani kaivisha plastiki hii?"

"Baba yangu. Zamani, mwaka elfu mbili na nane."

"Basi kamuulize baba yako mhuri niupige wapi."

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walicheka. Hawakucheka kwa ubaya; walisimama pale tangu saa mbili asubuhi, na kila mmoja alishukuru kwamba safari hii anayeumbuka ni mwingine. Inga naye alitabasamu kidogo, akidhani ni utani wa kabla ya kuhudumiwa.

"Mama, huku nyuma kuna nafasi..."

"Binti, apostile inabandikwa kwenye karatasi. Hii ni nailoni. Imeandikwa pale ukutani, kifungu cha sita: hati iliyovishwa plastiki haipokelewi. Diploma nyekundu unayo, ya waliowashinda wenzao, na kusoma ukuta kumekushinda?"

Akazisukuma hati zote mbili chini ya kioo, diploma yenyewe na karatasi ya alama, akaita anayefuata. Aliyefuata alikuwa mwanamume mwenye bahasha ya kaki. Alipompita Inga alifungua bahasha yake upesi na kuchungulia ndani, kuhakikisha kwamba zake ni karatasi.

Inga Sukhova alikuwa na miaka thelathini na mitano. Kwa miaka kumi na miwili alipima maziwa katika maabara ya kiwanda cha maziwa cha Zaluzhye, mpaka kiwanda kilipofungwa mwezi wa tatu, pakabaki mlinzi mmoja na matangi matupu. Mjini kwetu, ukipoteza kazi, una mambo mawili ya kuchagua: ukakae kwenye mashine ya malipo ya duka kubwa, au ukae nyumbani. Inga alichagua la tatu. Kwa miaka miwili alikuwa akijifundisha Kiitaliano kwa simu yake, akitembea barabarani huku akinong'ona peke yake, majirani wakimtazama. Aliandika barua kumi na tisa kwa viwanda vya jibini vya Italia. Kimoja, karibu na Parma, kilijibu: njoo, tunahitaji mtu wa vijidudu maabara, mkataba upo, ila kwanza wataalamu wetu wakubali kwamba shahada yako inalingana na za kwetu. Nafasi itakungoja mpaka tarehe mosi Oktoba.

Kukubaliwa huko ndiko kulikompeleka dirishani. Waitaliano walitaka diploma, na walitaka karatasi ya alama inayoonyesha kila somo lilifundishwa kwa saa ngapi, kwa sababu hupima saa za huku kwa saa za kwao. Na hati zote mbili ziwe na apostile, mhuri wa serikali unaowaambia wageni kwamba karatasi hii haikughushiwa. Bila apostile hakuna ambaye angeifungua bahasha yake. Kiwanda cha Parma kilikuwa na nyumba za wafanyakazi pia: vyumba viwili, ghorofa ya chini, mlango unafunguka bustanini. Baba yake mwenye goti bovu angehamia naye. Kazi ilikuwa nzuri na mshahara ulikuwa mzuri, lakini Inga alipoamka asubuhi alichokiwaza kwanza ni nyumba isiyo na ngazi.

Kwao ni ghorofa ya nne, na lifti haijawahi kuwepo.

*

Zakhar Yefimovich, baba yake, alikuwa na miaka sabini na miwili. Alikuwa fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha nguo, na siku hiyo alipika mwenyewe: uji mzito wa nafaka ya grechka, kabichi ya chumvi, na samaki wa kopo aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya siku ya furaha. Shangazi Kapitolina, mdogo wake Zakhar, anayeishi mlango wa jirani, alikuwa ameshaketi mezani. Huyo akisikia vijiko hangoji kualikwa.

"Enhe, umeupata?" baba akauliza. "Mhuri wenyewe ukoje? Mkubwa?"

Inga alivua viatu kwanza, akaviweka sawasawa ukutani. "Hawakupokea."

"Wamefunga?"

"Wamekataa kwa sababu ya plastiki."

Zakhar hakuelewa. Kwake yeye plastiki ndiyo iliyoiokoa ile diploma. Mwaka ule bomba la majirani wa juu lilipasuka, maji yakashuka ukutani usiku kucha, yakaharibu cheti cha ndoa yake, picha za ujana za mkewe, na kitabu cha akiba. Diploma ya Inga ilikuwa kwenye droo ya juu, ikapona. Kesho yake Zakhar aliikata kwa wembe kutoka kwenye jalada lake jekundu, akaichukua pamoja na karatasi ya alama, akaenda nazo sokoni kwenye kibanda cha mashine ya plastiki. Aliomba plastiki nene kuliko zote. Tangu siku hiyo diploma ilining'inia juu ya televisheni, na kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa chenye maji. Wageni walipokuja aliigonga mbele yao na kusema hata mafuriko yakija, hii hailowi.

"Plastiki ina kosa gani?" akauliza sasa. "Inasomeka. Haina hata doa."

"Mhuri haushiki, baba."

"Nilisema mimi," shangazi akadakia. "Siku ile umerudi nayo sokoni, nilikwambia, Zakhar, umemfungia mtoto masomo yake kama samaki wa dukani."

"Hukusema."

"Nilisema moyoni."

Wakala kidogo. Shangazi Kapitolina si mtu wa kuacha kimya kikae mezani bila kazi.

"Mnajisumbua bure. Lusya wangu yuko Verona mwaka wa sita. Anamlea bibi wa miaka tisini. Diploma yake ya uhasibu iko kabatini kwangu chini ya mashuka, na hakuna Mwitaliano hata mmoja aliyewahi kuiulizia. Kumwogesha mzee hawataki apostile."

"Shangazi, sikusoma miaka mitano nikaogeshe wazee."

"Kwani Lusya alisomea hayo?"

"Na mlezi hulala nyumbani kwa huyo mzee. Baba atalala wapi? Chini ya kitanda chake?"

Zakhar alikuwa ameichukua karatasi ya alama, anaizungusha mkononi, anaitazama pembeni anavyotazama fundi mashine iliyogoma. "Labda pembeni hapa," akasema, "mtu akipitisha wembe taratibu, kona moja tu, wapate pa kubandika..."

"Iache, baba." Inga hakuwa na desturi ya kupaza sauti, lakini sasa aliipaza. "Umeshafanya ya kutosha na plastiki yako. Miaka yote hii unaipangusa, unawaonyesha watu, unajisifu, kumbe ulikuwa unanifungia humo ndani. Nilikuomba? Kuna siku nilikuomba?"

Shangazi aliangalia kabichi. Zakhar aliiweka karatasi mezani, juu ya diploma, akazilinganisha kona. Kisha akabeba sahani yake mwenyewe hadi kwenye sinki, akaiosha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkewe alipofariki, akaenda kulala kabla jua halijazama.

*

Kesho yake, Jumatano, Inga alirudi tena mji mkuu wa mkoa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi, kuulizia hati mbadala. Diploma na karatasi ya alama aliziacha pale pale mezani. Alikwenda kuuliza tu na, tuseme ukweli, hakutaka kuziona.

Taasisi aliyosoma haipo tena. Ilimezwa na chuo kikubwa zaidi, na masjala yake ikahamishiwa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Huko alikuwako Nonna Arkadyevna, mama mnene mwenye sweta mbili mwezi wa sita, na birika la chai lililokuwa likichemka juu ya rundo la majalada.

"Umehitimu mwaka gani?"

"Elfu mbili na saba."

"Ah. Nyinyi ndio mliozama." Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole ya msiba wa siku nyingi. "Tulipohamia humu, wiki ya pili tu, bomba likaachia. Majalada ya miaka mitano yakawa uji. Tuliyazoa kwa sepetu, mwanangu. Nililia mimi."

"Kwa hiyo hamna habari zangu kabisa?"

"Jina lako lipo, daftari la waliohitimu lilikuwa rafu ya juu. Diploma mbadala nitakupa. Alama na saa za masomo ndizo sina. Wewe huna ile karatasi ya asili?"

"Ninayo," akasema Inga. "Ila imevishwa plastiki."

"Hata ivishwe koti. Mimi nataka kuisoma tu. Nanakili alama, nanakili saa, kamati inasaini, ile ya zamani tunaikata mbele yako. Lakini sikiliza: kamati inakaa kesho saa nane mchana, halafu wanakwenda likizo mpaka Septemba. Iwe mikononi mwangu kabla ya saa nane. Na isichezewe, wanaopitisha ni vijana, hawana huruma kama sisi."

Inga alitoka akiwa amepiga hesabu hata kabla hajafika juu ya ngazi. Hati mbadala wiki tatu, apostile miezi miwili, hiyo ni Septemba mapema. Tafsiri siku tatu. Wataalamu wa Italia wamesema wiki mbili. Inatosha. Inatosha kwa kubanana, lakini inatosha. Akapiga simu nyumbani. Alitaka kumwambia baba kwamba plastiki yake ndiyo iliyowaokoa baada ya yote, maana majalada ya chuo yamelowa na karatasi ya kwao ni kavu, na kwamba yale maneno ya jana ayasahau.

Simu iliita mpaka ikakatika. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti la mzee ukumbini, na jikoni redio ilikuwa ikiimba kwa sauti kubwa. Inga alidhani baba amenuna, naye ana haki. Alinunua halua ya alizeti, gramu mia tatu, ile anayoipenda, akapanda basi.

*

Harufu aliipata akiwa ghorofa ya tatu.

Zakhar alikuwa jikoni amesimama, kwa sababu goti lilimkataza kuketi na kuinuka mara nyingi. Mezani palikuwa na pasi, taulo lenye maji, na kisu chembamba cha kumenyea viazi ambacho alikinoa asubuhi hiyo kwa kazi hiyo. Alipomwona binti yake mlangoni akainua mkono.

"Usiseme kitu kwanza. Tazama hii."

Ilikuwa diploma. Karatasi tupu, haina plastiki. Ilikuwa imejikunja kidogo kwenye kingo na mhuri ulipauka, lakini jina la Inga lilikuwa mahali pake, na saini ya mkuu wa taasisi, na neno la heshima lililoandikwa kwa mkono. Saa nne nzima alikuwa ameifanyia kazi, pasi ikiwa ya vuguvugu, akivuta plastiki unywele kwa unywele. Ilipotoka, alikaa akaitazama na machozi yakamtoka. Kisha akaichukua ya pili.

"Na nyingine?" Inga akauliza.

 Zakhar alikunja pembe ya taulo, akaikunjua. Halafu akaiondoa ile pembe iliyofunika karatasi ya alama.

"Diploma waliandika kwa kalamu," akasema. "Wino wa kalamu haukusikia moto. Hii kumbe ni ya mashine. Sikujua, Inga. Nilivuta, nikaona na herufi zinakuja. Nikasimama. Nikasubiri ipoe, nikajaribu upande wa chini. Huko nako zikaja."

Karatasi ilikuwa imebaki na mabaka. Neno zima hapa, nusu neno pale, tarakimu moja peke yake katikati ya weupe. Zakhar akaiinua ile plastiki kwa ncha za vidole, akaiweka kwenye kioo cha dirisha, dhidi ya mwanga wa jioni.

"Lakini hazikupotea. Zimehamia tu. Njoo usome. Kemia ogania, saa mia mbili na kumi, vizuri sana. Ipo. Vijidudu vya chakula, saa mia moja na... hapa imekatika, lakini ile tarakimu imebaki kwenye karatasi. Ukiziweka pamoja, yote ipo." Akageuka kutoka dirishani. "Chuoni wamesemaje?"

Hapa Inga angeweza kudanganya, na mimi nisingemlaumu. Angesema wamekataa, mzee angelala. Lakini alikuwa amechoka, na halua ilikuwa ikitoa mafuta kwenye karatasi mkononi mwake.

"Wamesema niipeleke kesho," akasema. "Kama ilivyo. Na plastiki yake."

Zakhar aliendelea kuishikilia plastiki pale kwenye kioo.  Halafu aliishusha, akachomoa waya wa pasi ukutani, na kusema kwamba kesho watakwenda wote.

*

Alivaa suti yake ya kijivu na nishani ya mfanyakazi bora. Kushuka ghorofa nne kulimchukua robo saa, na kila penye kona alisimama akijifanya anatazama masanduku ya barua ya watu. Plastiki na karatasi aliziweka katikati ya vipande viwili vya mbao nyembamba, akazifunga kwa uzi, akaziweka mapajani safari nzima.

Nonna Arkadyevna alipofungua uzi alishika shavu.

"Mwanangu, jana si ulisema inasomeka?"

"Jana ilisomeka," akasema Inga.

"Ni mimi," Zakhar akasema. "Yeye hakuwepo. Andikeni ni mimi, Sukhov Zakhar Yefimovich, nitasaini."

Mama wa watu alifanya alichoweza. Aliwapandisha mwenyewe ghorofa ya pili, akawaingiza kwa katibu wa kamati, kijana wa miaka ishirini na nane hivi mwenye suruali fupi kwa chini na soksi zenye picha za ndizi. Zakhar hakungoja kuulizwa. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaibandika plastiki kwenye kioo, akaanza kusoma kwa sauti, masomo yote kwa mpangilio, saa zake na alama zake. Alisoma kumi na mawili hivi. Penye pengo aligeukia karatasi, akaonyesha kwa kidole. Watumishi wawili waliokuwa wakila keki pembeni waliacha kula.

"Mzee," kijana akasema, "mzee, samahani. Hapa si karakana."

"Naelewa. Lakini yote ipo. Mkilinganisha..."

"Hii ni hati iliyochezewa. Nikiikubali hii, kesho mwingine ataniletea gazeti lililopigwa pasi. Hata ningetaka, siwezi. Nendeni mahakamani, mahakama ikithibitisha alama zake, sisi tutatoa hati mbadala siku hiyo hiyo."

"Mahakama inachukua muda gani?" Inga akauliza.

"Mwaka. Wakati mwingine pungufu."

"Mimi nina mpaka tarehe mosi Oktoba."

Kijana alifungua mikono. Hakuwa mtu mbaya, na alipoona mzee anahangaika kukibandua kile kipande kwenye kioo, kwa sababu jua lilikuwa limekilainisha kikang'ang'ania, aliinuka akamsaidia. Kona moja ilichanika mikononi mwake, akaomba radhi mara mbili.

Ndani ya basi Zakhar alitazama nje mpaka walipofika nusu ya njia. "Ile ya kwanza ilitoka vizuri," akasema. "Ile ya kwanza ndiyo iliyoniponza."

Inga alitamani kumshika mkono na hakumshika. Alikuwa na hasira bado, na alikuwa na haya kwa kuwa na hasira, na vitu hivyo viwili vilimjaa mpaka kituo cha mwisho.

*

Kesi ilipangwa mwezi wa kumi na moja. Kiwanda cha Parma kiliandika tarehe mbili Oktoba, kwa adabu nyingi, kwamba nafasi imepata mtu na wanamtakia kila la heri. Inga alikuwa tayari amekaa kwenye mashine ya malipo ya duka kubwa tangu Julai, akipitisha maziwa ya mkoa mwingine mbele ya macho yake. Katikati ya Oktoba duka nalo likaleta mashine ambazo mteja hujilipia mwenyewe, na wanawake sita wakaambiwa asanteni.

Jioni hiyo Shangazi Kapitolina alikuja na simu yake ikiwa imeshawashwa.

"Lusya kapata mtu. Mzee Ottavio, miaka themanini na minne, kapooza upande wa kushoto. Binti yake anaitwa Bruna, yuko hapa kwenye simu, anaongea kama cherehani, mimi simwelewi. Ongea naye."

Inga aliitazama ile simu. Kisha alikwenda kujitazama kwenye kioo cha ukumbini, akafunga nywele, akarudi, akaichukua.

Bruna alifurahi kusikia Kiitaliano safi. Aliuliza umri, afya, kama anavuta sigara, kama anaogopa paka. Aliuliza kama amewahi kumtunza mzee. Inga akasema ndiyo. Kwa muda gani? Miaka minane, tangu mama yake afariki. Vizuri sana, Bruna akasema, basi atume barua, chochote tu, kutoka kwa mtu aliyemtunza, aseme alitunzwaje. Kuna wengine wawili wanaoitaka kazi hiyo, na yeye angependa kuamua leo.

"Barua ya nani?" Shangazi akauliza simu ilipokatwa.

"Ya mtu niliyemtunza."

Wote wawili wakamgeukia Zakhar, aliyekuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Juu ya televisheni ukuta ulikuwa na mstatili mweupe ambao rangi yake haikufifia pamoja na ukuta mwingine.

Hakubisha. Aliomba kalamu, na karatasi ya daftari la mistari, na miwani. Aliandika kwa nusu saa, akifuta mara moja tu. Alipomaliza alimpa Inga bila kumtazama, naye Inga akaketi mezani kuitafsiri, kwa kuwa nyumba nzima hakukuwa na mwingine wa kuitafsiri.

"Mimi, Sukhov Zakhar Yefimovich, fundi mitambo mstaafu, nathibitisha kwamba Sukhova Inga amenitunza tangu mke wangu afariki. Nina goti bovu na presha. Hupika chumvi kidogo na hasemi kwamba ameipunguza. Hunikata kucha za miguu kila wiki mbili kwa sababu siwezi kuzifikia, na hajawahi kuniumiza. Nikikohoa usiku huamka. Nikiharibu kitu hukinyamazia. Alinipazia sauti mara moja, nami nilistahili. Mtakayempata ni mtu aliyesoma sana. Nawaomba mumwache alale mchana kidogo siku ya Jumapili."

Inga alifika penye maneno ya kupaziwa sauti mara moja, kalamu ikasimama.  Mwishowe aliutafsiri na mstari huo pia, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo hati ilivyokuwa. Akapiga picha karatasi zote mbili, akatuma.

Chai ilikuwa haijapoa simu ilipolia. Inga alisoma ujumbe.

"Wamesemaje?" Zakhar akauliza.

"Amesema barua ni nzuri. Amelia. Atanilipia tiketi, na atashughulikia viza."

"Hakutaka mhuri?"

"Hakutaka."

"Wala saini ya mthibitishaji?"

"Wala hiyo, baba. Ameikubali hivyo hivyo."

Zakhar aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, taratibu. Shangazi Kapitolina, ambaye alikuwa ameshafungua mdomo kusema jambo, aliufunga, akachukua simu yake, akatoka kwenda kwake na kufunga mlango polepole.

Mzee akajiinua kwa kushika meza. Akaenda kwenye droo ya kabati, akapekua, akarudi na kile kikatio cha kucha. Akaketi, akavua soksi ya mguu wa kulia kwa kutumia kidole gumba cha mguu wa kushoto.

"Nionyeshe," akasema. "Wewe unaanzia upande gani?"

Inga alipiga magoti mbele yake kama kila wiki ya pili. Safari hii alikishika kile kikatio pamoja naye, mkono juu ya mkono, wakainama wote wawili kuufuata mguu. Goti likagoma. Wakajaribu kwa pembeni, wakajaribu mguu ukiwa juu ya kigoda. Vidole vya Zakhar vilifika kwenye kifundo, vikakaa hapo.